Hongera za Riba

Jamani, mtu akikupa hongera, muulize kwanza ya nini. Tangu Benki Kuu ya Tanzania ishushe riba yake Julai 2025, kutoka asilimia 6 hadi 5.75, mimi hapa Mangamba, Mtwara, sina amani. Kinyozi kanipongeza. Muuza vibua kanipongeza, na papo hapo kagoma kunipunguzia bei. "Nyie wenye mikopo ya nyumba mmeula, bwana!" Tumeula nini? Mimi naona tunaliwa tu.

Aliyenimaliza ni shemeji. Kaja jioni, kakaa mkekani, kikombe cha chai yangu mkono mmoja, kikokotoo cha simu mkono wa pili.

"Shemeji, ulikuwa unalipa asilimia 16. Sasa redio inasema 5.75. Hapo si umebakiwa na hela nyingi?"

Na hiyo hela keshaipangia: petroli ya pampu, akapulizie mikorosho yake. Mtu huyohuyo korosho za msimu uliopita aliziuza kwa walanguzi wa kangomba zingali maua, leo ndiye mtaalamu wa riba.

Nikamweleza taratibu. Shemeji, hiyo 5.75 siyo ya mimi na wewe. Hiyo ndiyo inayoongoza bei ya mabenki kukopeshana yenyewe kwa yenyewe, mkopo wa siku saba. Wakishamalizana huko ndipo wanatupangia sisi ya kwetu, na humo wanaweka gharama zao, faida yao, na woga wao kwamba wewe utakimbilia Msumbiji.

"Sasa si ukakope hukohuko kwa siku saba?" akauliza, huku anaongeza sukari. Sukari yangu.

Mama watoto naye alikuwa anasikiliza dirishani. Kesho yake nikakuta anapima madirisha kwa futi ya fundi. Mapazia mapya, riba si imeshuka.

Ngoja niwape hesabu, maana mtaani watu wanapiga hesabu kwa mdomo tu. Mkopo wangu ni milioni 40, wa miaka 15, riba 16. Rejesho ni kama 587,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, humo ndani riba peke yake ilichukua 533,000 na ushee. Deni lenyewe likapungua elfu hamsini na nne. Hamsini na nne! Mlango wa choo hauupati kwa hela hiyo. Mshahara umekatwa, nimesaini, nimeshukuru, na nyumba karibu yote bado ni ya benki. Mimi nadhani nilichokomboa mpaka sasa ni kizingiti.

Nikaenda kwa yule dada wa mikopo. Akafungua jalada, akasoma, akatabasamu. Bahati yako, anko, mkataba wako ni wa riba inayobadilika. Jirani yangu mwalimu yeye ya kwake imefungwa mpaka mwisho: ikishuka hapati kitu, ikipanda anakoroma. Mimi ikipanda ndiyo nakesha. Dada akasema benki itapitia viwango vyake, nisubiri ujumbe.

Ujumbe ukaja, baada ya mtaa mzima kunisahau. Na mimi nimeshushiwa robo ya asilimia, 15.75 sasa. Rejesho jipya kama 580,500.

Toa mwenyewe. Ni shilingi elfu saba, tena kasoro. Hapo ni fungu la samaki feri na bodaboda ya kurudi nalo nyumbani, basi. Mapazia hayamo. Petroli ya shemeji haimo. Hata ile sukari aliyoimaliza sijui kama inarudi.

Dada akanipa njia nyingine: niendelee kulipa ilivyokuwa, 587,000 ileile, na deni litakwisha mapema kwa miezi kama minane. Nikakubali hapohapo, kabla wa nyumbani hawajajua kuna elfu saba inayoelea. Miezi minane bila kukatwa mshahara, huo ndio ushindi wangu.

Mama watoto kanuna, futi ya fundi kairudisha bila neno. Shemeji yeye kafikiri sana, kamaliza chai, ndipo akauliza kama katika hiyo miezi minane ya mwisho naweza kumkopesha miwili leo.