"Huenda" ya Darajani Leeds

Nilikipita kibao cha kumbukumbu ya mwanzo wa sinema mara mbili kabla ya kukiona. Kiko kwenye ukuta wa jengo karibu na daraja la Leeds, kaskazini mwa Uingereza: cha buluu, cha mviringo, hakizidi sinia la pilau. Magari yanapita, watu wanawahi treni, hakuna anayeinua shingo.

Ni kwenye dirisha la jengo hilo Mfaransa Louis Le Prince alipoweka kamera yake ya picha zinazotembea mwaka 1888, akawanasa farasi na mikokoteni wakivuka daraja. Oktoba 14 mwaka huohuo, mtaa wa Roundhay, aliwapiga picha wakweze bustanini. Sekunde mbili tu. Mama mkwe, Sarah Whitley, anarudi kinyumenyume. Mumewe Joseph anageuka, pindo la koti linaruka. Siku kumi baadaye bibi yule akafariki. Kila nikiitazama nasahau habari za uvumbuzi, namwangalia bibi.

Ndugu wa Lumière, ambao wengi huwataja kuwa waanzilishi wa sinema, waliwatoza watu wa Paris kiingilio cha kutazama filamu zao Desemba 1895, miaka saba baadaye. Lakini Le Prince alikwisha potea: Septemba 1890 alipanda treni Dijon kwenda Paris, hakushuka, wala mizigo yake haikuonekana.

Kibao kinasema "huenda" picha hizo za daraja ndizo picha zinazotembea za kwanza duniani zilizofanikiwa. Rafiki niliyekuwa naye akaguna: "Huenda tena? Si waseme tu!" Mimi neno hilo nimelipenda. Kule Highgate, London, kaburi la William Friese-Greene, Mwingereza aliyejaribu naye kutengeneza kamera za filamu, limeandikwa bila kupepesa macho kwamba ndiye aliyevumbua sinema, na wanahistoria wengi hawakubali. Ukishachonga kwenye jiwe, kufuta ni kazi.

Kinachonikera ni kingine. James Longley, fundi mitambo, na Frederic Mason, seremala, ndio waliomtengenezea Le Prince vyuma na mbao za mashine zake, hapohapo Leeds. Kwenye kibao hawamo. Sisi huku kwetu tunajua hadithi ya fundi anayesahaulika siku ya kukata utepe, kumbe hata kwa wenzetu ni yaleyale.

Kabla ya kuondoka tuliicheza filamu ya daraja kwenye simu, tumesimama kwenye kivuko cha miguu tukisubiri taa. Farasi wakapita, mikokoteni ikapita, filamu ikaisha. Taa bado nyekundu.