Kwa Mabomba, Tusingoje Liganga

Hapa Nyanda za Juu Kusini, mazungumzo ya chuma hayaishi bila mtu kuitaja Liganga. Chuma kipo huko, wilayani Ludewa, makaa ya mawe ya Mchuchuma yapo jirani, basi tukae mkao wa kula. Mkao huo mimi umenichosha. Mawe ya Liganga yamechanganyika na metali nyingine, titani na vanadi, na kuyayeyusha si kazi ya kitoto. Kutengeneza mabomba ni shughuli nyingine kabisa.

Kiwanda cha mabomba kinaweza kuanza bila tanuru. Kinanunua koili za chuma, yaani bati refu lililoviringishwa, kinazichana mikanda, kinaipitisha kwenye rola zinazoikunja taratibu mpaka kingo zikutane, umeme unaunga mshono, msumeno unakata futi 20. Koili zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinapanda TAZARA, zinateremkia Mbeya. Reli ipo tangu miaka ya 1970, sisi bado tunapandisha mabomba mlima Kitonga kwa malori!

Allied Tube & Conduit ya Marekani ilianza 1959 huko Harvey, Illinois, pembeni mwa Chicago. Iling'ara kwa kupaka zinki bomba likiwa bado linatembea kwenye mtambo, badala ya kulichovya baadaye. Leo iko chini ya kampuni ya Atkore, iliyoingia soko la hisa la New York mwaka 2016. Ilikua kwa kumalizia kazi vizuri. Chuma chenyewe ni cha kununua.

Mwekezaji wetu aangalie hapo. Skwea paipu za mageti zimejaa madukani, na nyingine geji yake, yaani unene wa bati, ni ya mdomoni tu: fundi akigusa na moto, tundu. Kondiuti ya chuma, yaani bomba la kupitishia nyaya za umeme, haina mchezo huo. Ingiza kidole kwenye bomba la kawaida, utasikia mshono unakwaruza. Vuta waya humo, ganda linachunika, na siku ya siku mashine inapiga shoti. Kondiuti lazima iwe laini ndani.

Wateja wapo. Mashine za mbao Mafinga na za kukoboa mpunga Mbarali zinatikisika na kugongwa kutwa, plastiki haidumu. Zambia iko hapo Tunduma, Malawi hapo Kasumulu.

Kinachonitia shaka ni umeme. Umeme ukikatika wakati mkanda uko kwenye rola, kipande ambacho mshono haujashika ni chuma chakavu. Kabla ya kuulizia kiwanja Iyunga, Mbeya, mimi ningeulizia laini ya umeme.