Namba Zisipolingana: Kuifuatilia Colt ya Jeshi la Marekani

Bastola ya Colt ya mwaka 1873, ile ya silinda ya risasi sita ambayo jeshi la Marekani lilinunua takribani 37,000 hadi 1891, husomwa kuanzia tumboni. Igeuze: namba yake ya utambulisho imegongwa mara tano. Ya kwanza iko kwenye fremu, ya pili kwenye chuma kinacholinda kifyatulio, ya tatu kwenye mgongo wa mpini. Chomoa silinda, utakuta ya nne. Ya tano imejificha chini ya mtutu. Upande wa kushoto pana herufi U.S., na sehemu kadhaa zina alama za mkaguzi wa serikali: A ya Orville Ainsworth kwa zile za mwanzo, D.F.C. ya David Clark kwa za miaka ya 1880.

Namba zote tano zikilingana, bei hupanda sana. Zisipolingana, wanunuzi wengi hurudi nyuma. Mimi naona kipimo hicho kinawanyima haki wale walioibeba.

Wanaotaka namba zilingane wana hoja nzito, na sitaipuuza. Bastola iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani kwa Colt, mjini Hartford, inaweza kuwekwa kwenye kundi lake la ununuzi, na kundi likikupa mwaka, unaanza kuuliza ni vikosi gani vilipewa silaha wakati huo. Ndiyo maana zile zenye A hutafutwa kwa hamu: Kikosi cha 7 cha farasi kilikuwa na bastola za miaka hiyo pale sehemu yake ilipoangamia pamoja na kamanda wao, George Custer, wakipigana na Wenyeji wa Amerika huko Little Bighorn, Juni 1876. Fremu ikiwa ya 1874 na silinda ya 1883, swali kama hilo utaliuliza kwa kipande kipi?

Lakini tazama namba zilivyochanganyika. Katika miaka ya 1890, baada ya jeshi kuhamia bastola mpya ya Colt yenye risasi ya kipenyo cha inchi .38, zile za zamani za .45 zilirudishwa kwa matengenezo, kwanza kwenye karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, kisha kiwandani kwa Colt. Takribani 16,000 zilifunguliwa, zikasafishwa, zikakatwa mtutu kutoka inchi 7½ hadi 5½, zikaunganishwa tena. Fundi alichukua kipande kilichokaa vizuri, hakujali namba. Wakusanyaji huziita za mizinga, kwa kuwa baadhi zilipewa vikosi vya mizinga myepesi.

Na hizo hazikukaa ghalani. Zilikwenda katika vita dhidi ya Hispania mwaka 1898, kisha Ufilipino, ambako askari walilalamika kwamba risasi ya .38 haimsimamishi adui anayekuja mbio. Malalamiko hayo ndiyo yaliyolirudisha jeshi kwenye .45, na mwisho wake ni bastola maarufu ya 1911. Kwa hiyo mchanganyiko ule wa namba, ambao sokoni huitwa kasoro, ndio kumbukumbu ya miaka ya kazi ngumu zaidi ya silaha ile.

Kuna la kutisha zaidi. Kwa sababu soko linalipa ulinganifu, wapo wanaousaka kwa tupa. Namba ya zamani inafutwa, mpya inagongwa, na mtutu uliokatwa unabadilishwa na mrefu. Mwenye jicho hulitambua: chuma kimezama kidogo pale kilipokwanguliwa, tarakimu hazina umbo la enzi ile. Ila kilichofutwa hakirudi tena.

Nyaraka nazo zina mipaka. Barua ambayo kampuni ya Colt huiandika kutoka kwenye kumbukumbu zake, kwa bastola ya jeshi, kwa kawaida inasema tu kwamba ilikabidhiwa kwa mkaguzi wa serikali pale pale kiwandani. Jina la askari halimo. Bastola yenye jina la mtu ni nadra, na mara nyingi jina limechongwa baadaye. Hata ile ya Theodore Roosevelt, ambayo ni Colt ya .38 wala si ya 1873, iliyookolewa kwenye meli ya kivita Maine na kubebwa naye San Juan, Cuba, tarehe 1 Julai 1898, inajulikana kwa maandishi kwenye mpini wake. Iliibwa kwenye jumba la makumbusho la Sagamore Hill mwaka 1990, ikarudi 2006.

Kwa zile za 1873, ningeomba anayeiandikia maelezo, awe muuzaji au mtunza makumbusho, aorodheshe namba ya kila kipande kama alivyoikuta, pamoja na urefu wa mtutu na alama ya kila mkaguzi. Silinda ya 1883 ndani ya fremu ya 1874 ina haki ya kuandikwa hivyo hivyo.