Jiwe jeupe kwenye jiko la mawese

Picha ileile imeenea kwenye simu za mafundi kuanzia Mwanga hadi Ujiji, hapa Kigoma: jiko la kizamani la Ulaya, makabati rangi ya maziwa, sinki la kauri na kaunta ya marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Mwenye nyumba anamwonyesha fundi, "nitengenezee kama hili", na fundi anaitikia. Humo ndani kitapikwa nini, haulizi mtu.

Jamani, Kigoma tunapika kwa mawese! Na samaki wetu mgebuka anataka limau. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, yaani ndugu wa chokaa. Tone la limau likitua, asidi inaula uso wa jiwe palepale na kuacha baka lisilong'aa. Hilo usilisugue, utajichosha bure. Jiwe lenyewe limelika, na dawa yake ni mashine ya kung'arisha. Mawese yenyewe yanazama kwenye vitundu vya jiwe pamoja na wekundu wake. Muuzaji atakutuliza kwamba jiwe limepakwa dawa ya kuziba. Dawa hiyo inachelewesha mafuta tu, asidi haiizuii. Doa la mafuta huvutwa kwa soda ya kuokea iliyokorogwa na asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) ikawa nzito, ikafunikwa nailoni saa 24, kisha unarudia hadi lififie. Haya, kila la heri na jiko lako la pichani.

Nakubali kwamba marumaru ni ya baridi na kusukumia chapati juu yake ni raha. Basi nunua kipande cha kusukumia chapati.

Kaunta iwe graniti ya rangi iliyokolea, unene milimita 20, ukiweza 30. Usiamini jina la dukani. Omba kipande cha masalio ukakijaribu. Kidondoshee limau robo saa: uso ukififia, umeletewa chokaa. Kidondoshee mafuta: kikiweka giza upesi, kinanyonya. Kama ni nyeusi tii, kifute kwa kitambaa cheupe chenye asetoni. Kitambaa kikichafuka weusi, jiwe limepakwa rangi.

Graniti hukatikia kwenye ule ukanda mwembamba mbele ya sinki. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo isafiri imesimama wima, isilazwe kamwe, na tundu la sinki likatwe huku huku. Kona za tundu ziwe za mviringo, maana ufa huanzia kwenye pembe kali. Chini ya ukingo wa mbele fundi apitishe grainda achonge mfereji wa milimita 5 hivi, maji yadondoke sakafuni badala ya kutambaa hadi kwenye milango ya makabati. Wengi wanauruka, halafu lawama zinamwangukia seremala.

Terazo? Ni nafuu na mafundi wake wapo, sawa. Ila ni saruji na vipande vya marumaru, limau linaila vilevile.

Sinki jeupe la kauri linachorwa mistari ya kijivu na sufuria za alumini, na likigongwa vibaya linameguka. Chukua la chuma kisichoshika kutu, daraja 304, unene milimita 1, bakuli moja pana lenye kina cha sentimita 20. Yale ya bakuli mbili sufuria ya ugali haiingii. Sumaku ikinata kwa nguvu, hilo si 304. Isiponata usishangilie bado, kwa sababu daraja 201 nayo hainati, na hiyo hupata kutu upesi zaidi.

Kinachoudhi kuliko vyote ni makabati. Mninga unatoka Tabora, reli inapita hapo hapo, mti wenye sifa ya kutopindapinda, halafu mtu ananunua MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, unaovimba ukilowa chini ya sinki! Au ananunua mninga kisha anaupaka rangi ya maziwa. Pakeni vanishi, mikono mitatu, msasa namba 240 katikati ya kila mkono. Na kwenye milango ya paneli, mwambie seremala asitie gundi kwenye paneli: ikae huru ndani ya mfereji wa fremu, ikitanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ikigundishwa, itapasuka katikati.