Kwadi inang'aa, boljointi zimekwisha

Sato iliyopita binamu yangu aliniburuta mpaka Ngong kuangalia kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, anataka kununua, ati imetumika kidogo tu, mwenyewe huitoa wikendi peke yake. Kwa macho iko safi, taa zinawaka, plastiki zimepakwa yale mafuta ya kung'arisha dashibodi. Mimi si fundi lakini nimekaa na mafundi pale Kirinyaga Road vya kutosha, nikasema tuinue mbele kwanza. Jeki ikaingia, nikashika tairi juu na chini nikatikisa, ko-ko-ko. Nikashika kushoto na kulia, tena ko-ko. Ya kwanza mara nyingi ni boljointi, ile jointi ya duara inayoshikilia gurudumu la mbele, ama beringi, ya pili angalia taidrodi endi, ile ncha ya chuma cha usukani kinachogeuza tairi. Mwenyewe anatuambia hiyo ni kawaida ya kwadi.

Kawaida ya wapi bana. Hii kitu inaishi kwa matope, kale kampira ka boljointi kakipasuka mchanga unaingia grisi inatoka, halafu jioni mtu anaiosha na ile mashine ya presha, anasukuma maji moja kwa moja mpaka ndani ya beringi, anasema ameitunza. Na tairi nazo. Kwadi nyingi ekseli ya nyuma ni moja nzima, haina difu, ile gia inayoacha tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti, so ukikata kona kwa lami lazima tairi moja liburutwe, ndio maana zile za kupitishwa barabarani kila siku meno huisha haraka. Cheni ilikuwa imelegea pia, na honi hakuna, lakini hizo ni za siku moja.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Uingereza kwadi iliyosajiliwa kutembea barabarani ikifika miaka 3 inaanza kukaguliwa kila mwaka, na majibu yako wazi, unaandika namba ya usajili kwa intaneti unasoma bure ilifeli lini, ilifeli nini, na hata ilionywa kitu gani ikapita hivyo hivyo. Sisi ukilipia utafutaji wa NTSA, mamlaka yetu ya usafiri na usalama barabarani, unajua gari ni ya nani. Sawa, nimejua mwenyewe, lakini mwenyewe si ndiye huyu ananidanganya hapa mbele yangu?

Na zile za kukodisha kwa saa ndizo zinanitisha zaidi, juu huko hakuna lami, hakuna polisi, mtoto anapewa helmeti imemzidi kichwa na kwadi ambayo breki yake ukikanyaga inafika chini kabisa ndio ishike. Matatu inaenda inspekshini kila mwaka kwa sababu inabeba watu wamelipa. Hao watoto nao si wamelipiwa?

Binamu alisema atainunua bora boljointi na taidrodi endi zibadilishwe kwanza, risiti aione. Jamaa akasema atapiga simu. Leo ni Alhamisi.