Mpime Kimo Kabla Hujampima Kipaji

Kila ninapokaa na makocha wa vijana huwauliza: yule mtoto uliyemwacha kwenye mchujo alikuwa na umri gani? Wanajibu upesi, "Miaka 13." Nikiuliza mwili wake ulikuwa na umri gani, wananitazama tu.

Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana miaka kadhaa kimwili. Kwa wastani, wasichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14. Huo ni wastani tu. Yuko anayetangulia sana na yuko anayechelewa sana, na wote ni wazima. Aliyetangulia kubalehe tunamsifia kipaji, kumbe ana misuli ya mtu mkubwa kidogo. Aliyechelewa tunamwambia hana nguvu, na siku mwili wake unapofumuka, yeye hayupo tena uwanjani. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika hoki ya barafu ya Kanada, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi mno kwenye timu za juu, kwa sababu makundi ya umri yalihesabiwa kuanzia Januari 1, na wao ndio waliokuwa wakubwa ndani ya kundi. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imewasaidia kuchaguliwa.

Nami nimekosea. Nilikuwa na mvulana wa mbio za kuruka viunzi, mwepesi kama swala. Alipofika miaka 14 mguu wake wa nyuma ukaanza kugonga kiunzi. Kila mara ule ule, kifundo kwenye ubao. Akawa anashika chini ya goti akidhani simwoni. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba amekuwa mvivu. Wiki mbili baadaye hakuja tena.

Hakuwa mvivu. Mifupa hutangulia kurefuka, misuli na kano hufuata nyuma zikivutwa, na pale kano inaposhikilia mfupa chini ya goti ndipo panapouma. Ubongo nao ulikuwa bado unaendesha mguu wa mwaka jana.

Linaloniuma zaidi ni upande wa akili. John Nicholls, aliyechunguza jinsi watoto wanavyoelewa uwezo, aliona kwamba mtoto mdogo hatenganishi bidii na uwezo: aliyejitahidi sana ndiye hodari, basi. Anapofikia miaka 11 au 12 anaanza kuona kwamba mtu anaweza kujitahidi na bado akashindwa, na kwamba aliyefanikiwa bila kuhangaika huenda ana uwezo zaidi. Yaani ufahamu huu unamjia karibu na wakati ambao mwili wake unamsaliti. Kwa mtoto wa miaka 8, "ongeza bidii" ni neno la kumtia moyo. Kwa huyu wa 14, ambaye tayari anatoa jasho lote, neno hilo hilo linamwambia kwamba hana chake hapa.

Na mwili hauishii ujanani. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee wa miaka karibu 90. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja yao zilikuwa zimezidi maradufu. Mlango uko wazi hadi uzeeni, ila naamini aliyeaibishwa uwanjani akiwa na miaka 14 ataukaribia kwa shida. Ndiyo maana sikubali mwalimu wa michezo aniambie kazi yake ni kutafuta mabingwa wa msimu huu.

Siku hizi napima kimo cha kila mtoto kila baada ya miezi mitatu, kwa penseli ukutani. Mstari ukiruka sentimita 2 au zaidi, napunguza kuruka na kukimbia kwa kasi, naongeza mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya ufundi, na simtoi kwenye timu. Katika baadhi ya mazoezi nawapanga kwa kukomaa kwa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, ili mdogo apate kugusa mpira na mkubwa ajifunze kucheza bila kutegemea kifua.

Kisha namwita kando yule ambaye mstari wake umeruka. Juzi alikuwa msichana wa miaka 12 aliyeanza kukosa mipira aliyokuwa akiidaka amefumba macho. Nilimwonyesha mistari miwili ya penseli, wa zamani na wa sasa. Akaweka vidole katikati, akapima ile nafasi, akauliza, "Kwa hiyo mikono nayo imerefuka?"

Nikamwambia ndiyo, turudi tukaizoee.