Njia iliyomlea Adrian Newey bado iko wazi?

Septemba 2024 timu ya Aston Martin ilimtambulisha Adrian Newey mbele ya waandishi wa habari kwa shangwe ambayo klabu za mpira humpa mshambuliaji mpya. Newey haendeshi gari. Ni mhandisi, Mwingereza aliyezaliwa 1958, na magari aliyoyabuni au kushiriki kuyabuni katika langalanga, yaani mbio za Formula 1, yametwaa mataji 12 ya timu na 14 ya madereva, ukihesabu na lile la Max Verstappen la 2024, mwaka ambao Newey alitangaza kuondoka timu ya Red Bull msimu ukiwa bado mbichi.

Ujio wake Aston Martin uliamsha ubishi wa zamani. Katika timu yenye wafanyakazi mamia kwa mamia, mtu mmoja bado ana uzito kiasi hicho? Nyuma yake liko swali jingine, nalo ndilo linalonikera zaidi: kijana anayeingia kazi hii leo ana njia ya kufikia uwezo kama ule?

Wanaosema mtu mmoja anatosha kugeuza timu wana ushahidi usiopuuzika. Newey alikuwa timu ya Williams, Nigel Mansell akawa bingwa 1992, Alain Prost 1993, Damon Hill 1996, Jacques Villeneuve 1997. Akahamia McLaren, Mika Häkkinen akachukua ubingwa 1998 na 1999. Mwaka 2006 akaenda Red Bull, timu changa iliyotokana na Jaguar ambayo haikuwa imeshinda hata mbio moja. Kuanzia 2010 Sebastian Vettel akabeba mataji manne mfululizo. Timu tatu, injini za kampuni tofauti, madereva wenye tabia zisizofanana. Bahati haimwandami mtu namna hiyo.

Ukiitazama miaka hiyo kwa makini, unaona jambo jingine. Mafanikio yake makubwa mara nyingi yamefuata mabadiliko ya kanuni: 1998 magari yalipofanywa membamba na tairi kuchongwa mifereji, 2009 mabawa yalipobadilishwa umbo, na 2022 waandaaji waliporudisha magari yanayopata nguvu ya kushika barabara kupitia sakafu yake.

Hili la 2022 linahitaji maelezo kidogo. Sakafu ya gari ilitengenezwa ikiwa na njia za hewa chini yake. Hewa ikipita humo huongeza kasi, shinikizo linashuka, na gari linanyonywa kuelekea lami. Kadiri linavyoisogelea lami ndivyo linavyonyonywa zaidi, mpaka hewa inabanwa mno, mvuto unakatika ghafla, gari linainuka, kisha linanyonywa tena. Matokeo yake ni mdundo mkali katika kasi kubwa. Kule Baku mwaka huo Lewis Hamilton alishuka kwenye Mercedes yake kwa tabu, mkono mgongoni. Wahandisi wengi wa kizazi cha sasa walikuwa hawajawahi kupambana na tatizo hilo, kwa sababu sakafu za aina hiyo zilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 1983. Newey alikuwa amezisoma zikiwa moto: utafiti wake wa mwaka wa mwisho Chuo Kikuu cha Southampton, alikohitimu 1980, ulihusu mvuto huohuo wa chini ya gari. Red Bull ilidunda kidogo kuliko washindani wake wakuu, na msimu uliofuata ikashinda mbio 21 kati ya 22. Kumbukumbu ya miaka arobaini haipatikani kwa kununua kompyuta yenye nguvu zaidi.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana nao hauna hoja nyepesi. Baada ya 1999 Newey alikaa McLaren hadi mwisho wa 2005 bila taji jingine lolote. Red Bull nayo, akiwemo, ilikaa bila ubingwa kuanzia 2014 hadi 2020. Kanuni za 2014 zilileta injini za lita 1.6 zenye umeme ndani yake, Mercedes ikazimudu kuliko wote, ikachukua mataji manane ya timu mfululizo. Ustadi wa kusoma hewa haukuweza kufidia upungufu wa injini. Na hata gari la 2023 lililotisha lilitoka katika idara ya ufundi iliyoongozwa na Pierre Waché, ambaye hatajwi hata robo ya anavyotajwa Newey.

Halafu ipo McLaren ya leo. Mwaka 2023 ilivunja cheo cha mkurugenzi mmoja wa ufundi na kugawa majukumu kwa watu watatu. Mwaka 2024 ikatwaa taji la timu, la kwanza tangu 1998, na 2025 ikarudia. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema wafuasi wa hoja hii, na hapo wana haki ya kusema.

Ila mfano huohuo ukiuchimba, unarudi upande wa kwanza. Peter Prodromou, anayeongoza masuala ya hewa McLaren, alifanya kazi na Newey kwa miaka mingi, McLaren ya zamani na kisha Red Bull. Rob Marshall, mbunifu mkuu, alitokea Red Bull alikokuwa naye tangu 2006. Kundi linalosifiwa kwa kutomtegemea mtu mmoja lina watu waliokulia mezani pake. Kwa hiyo sidhani kama kuna haja ya kuchagua kati ya mtu na kundi. Mhandisi wa kiwango hiki ana thamani ya kweli, lakini thamani hiyo inaonekana pale tu kanuni zinapomwachia nafasi ya kuitumia, na sehemu yake kubwa hubaki kwa wale aliowafundisha.

Hapo ndipo lile swali la kijana linapokuwa gumu. Newey alijifunzaje? Kazi yake ya kwanza, 1980, ilikuwa kwenye timu ndogo ya Fittipaldi, akiwa mtaalamu wa hewa wa daraja la chini ambaye pia ndiye mtaalamu pekee wa hewa aliyekuwepo. Akaenda March, kampuni ya Uingereza iliyojenga magari ya mbio. Huko alikuwa mhandisi wa mbio, yule anayesimama kando ya barabara akimsikiliza dereva na kuamua gari lirekebishwe nini. Alichora gari la mbio za Marekani lililoshinda Indianapolis 500 mwaka 1985, na lililolifuata likashinda 1986 likiendeshwa na Bobby Rahal, dereva ambaye Newey alikuwa amemhudumia kama mhandisi wake. Alichora, akajaribu, akasikia malalamiko kwa masikio yake, akarudi kuchora.

Kisa cha 1990 kinaonyesha faida ya malezi hayo. Newey alikuwa kiongozi wa ufundi wa timu ya Leyton House, na gari lake lilikuwa linasumbua. Kule Mexico magari yote mawili yalishindwa hata kufuzu kuanza mbio. Namba za maabara zilisema gari ni zuri, barabara ikasema ni baya. Baadaye ikagundulika kuwa sakafu ya mbao ya handaki la upepo walilotumia, yaani chumba cha kupulizia hewa mfano wa gari ili kuupima, ilikuwa imepinda, kwa hiyo vipimo vyote vilikuwa vinadanganya. Sakafu ya gari ikabuniwa upya. Mbio zilizofuata, Ufaransa, Ivan Capelli aliongoza hadi zikiwa zimebaki raundi tatu na kumaliza wa pili. Wakati huo Newey alikuwa ameshafukuzwa kazi. Mtu aliyezoea kuona kazi nzima ana ujasiri wa kulitilia shaka hata handaki lenyewe, si gari peke yake.

Leo mhandisi kijana anaajiriwa katika kiwanda chenye mgawanyo mkali wa kazi. Anaweza kukaa misimu kadhaa akishughulikia njia ya hewa ya kupozea breki za mbele na si kitu kingine. Anakuwa bingwa wa kipande hicho. Anaziona mbio kwenye skrini, na sauti ya dereva inamfikia ikiwa imeshageuzwa kuwa grafu. Kanuni nazo zimebana: muda wa kutumia handaki la upepo hugawiwa kwa msimamo wa ligi, bingwa akipata asilimia 70 ya kiwango cha msingi na timu ya kumi asilimia 115. Kila jaribio lina gharama, hivyo hakuna anayempa mgeni nafasi ya kuchezea wazo la ajabu.

Lakini nisiyatukuze ya zamani kupita kiasi, maana yaligharimu maisha. Mei 1, 1994, dereva Mbrazili Ayrton Senna alifariki Imola, Italia, ndani ya Williams FW16, gari lililobuniwa na Newey chini ya Patrick Head, mkuu wa ufundi wa timu hiyo. Kabla ya hapo Senna alilalamika kuwa mikono inakosa nafasi, ndipo mhimili wa usukani ukakatwa na kuchomelewa kipande chembamba zaidi. Baada ya ajali ulikutwa umekatika, na mahakama za Italia zikabishana kwa zaidi ya miaka kumi kama ulikatika kabla au wakati wa kugonga ukuta. Newey aliachiwa huru, na mwaka 2005 suala lake likafungwa kabisa. Hukumu ya 2007 iliweka lawama ya usimamizi kwa Head, ingawa muda wa kumshtaki ulikuwa umepita. Newey mwenyewe amesema hadharani kuwa lawama anayojibebesha zaidi ni ya umbo la gari, lililokuwa halitulii. Mabadiliko kama yale, kwenye kiungo ambacho uhai wa mtu unakitegemea, leo yangepita mikononi mwa watu wengi na mashine nyingi za kupimia kabla gari halijatoka kiwandani. Mgawanyo wa kazi ninaoulalamikia ndio pia unaowalinda madereva. Hilo silibishii.

Kinachoniudhi ni jinsi fedha zinavyogawanywa. Kikomo cha matumizi kilipoanza 2021, kwa msingi wa dola milioni 145 kwa msimu, mishahara ya madereva iliachwa nje ya hesabu, na vilevile ya wafanyakazi watatu wanaolipwa zaidi. Newey na wenzake wa ngazi ile wakawa hawana dari. Yule wa breki za mbele yumo ndani ya kikomo, na kila shilingi anayoongezwa inapunguza fedha za vipuri. Kanuni iliyokusudiwa kusawazisha mashindano imefanya iwe rahisi kumnunua nguli na vigumu kumlea mrithi wake.

Mwanya uliobaki uko chini. Katika Formula Student, mashindano ambayo vyuo vikuu hujenga gari dogo la mbio na kulitetea mbele ya majaji, mwanafunzi bado anachora asubuhi na kuchomelea jioni. Timu ndogo za madaraja ya chini bado zina mhandisi anayefanya kazi za watu wanne. Ningemshauri kijana asiharakishe kuziacha hata akiitwa na jina kubwa. Nazo timu kubwa zingeweza kumtoa kila mhandisi mpya kiwandani kwa msimu mmoja, akae kando ya barabara amsikilize dereva bila grafu katikati, na gharama ya msimu huo isihesabiwe kwenye kikomo. Waandaaji waliopata njia ya kuwatoa watatu wa juu kwenye hesabu hawawezi kushindwa kuandika kifungu hicho.